Uta na Silaha ya Mikono Miwili

Kijana wa mji wa Wote anayecheza Skyrim, mchezo wa vidio uliotolewa mwaka 2011, akiazimia kumlea mhusika wake katika fani ya upanga mkubwa, shoka la vita au nyundo ya vita, huwa amekubali sharti moja tangu awali, nalo ni kuiacha ngao, ili apate pigo zito zaidi, ijapokuwa huenda polepole. Wanaomwita mhusika huyo “shujaa wa mikono miwili” hulifumba neno, kwani mchezo uo huo humruhusu mtu kushika panga mbili, kila mkono na wake, na msikilizaji hawezi kubainisha ni yupi aliyekusudiwa. Wala “upanga wa felegi” wa wazee wa pwani hautufai kutafsiria silaha hizo, maana sifa yake ilikuwa makali kuwili.

Hapa Ukambani mfano wa silaha inayomnyima mtu ngao tunao. Silaha iliyowapa Wakamba heshima, vitani na mawindoni, ni uta na mishale ya sumu. Na uta, neno la Kiswahili cha kale ambalo Kikamba nacho kinalo hadi leo, hudai mikono yote miwili, mmoja ukishika mti na wa pili ukivuta upote, hata ngao isipate wa kuibeba. Wengi sasa husema upinde, nami silikatai, ila kulipoteza uta ni hasara kubwa. Nawasihi wafasiri wa michezo hii waandike “silaha ya mikono miwili”, waitenge na “panga mbili”, na mpiga mishale wampe uta wake.