Novela

Wahakiki wetu huita novela kazi ya nathari iliyo ndefu kuliko hadithi fupi lakini haijafikia urefu wa riwaya. Jina hilo linavifaa kabisa vitabu vya tamthilia ya runinga ya Doctor Who vilivyotolewa Uingereza katika mpango wa Quick Reads, ulioanza 2006 kwa ajili ya watu wazima wanaopata shida kusoma. Mwaka huohuo kilitoka I Am a Dalek cha Gareth Roberts. 2007 kikafuata Made of Steel cha Terrance Dicks. Lugha ni nyepesi, na wahusika wakuu msomaji keshawajua runingani. Wapo wanaoviita vijitabu. Silipendi jina hilo: -ji- hapo inadunisha, na aliyemaliza kitabu chake cha kwanza ukubwani hastahili kudunishwa. Tuviite novela.