Draiva ya Kamera na Umri wa Laptopu

Draiva ya kamera ni programu inayokaa kati ya kamera na mfumo endeshi wa kompyuta. Hupokea data ghafi kutoka kwenye chipu ya kamera na kuigeuza picha ambayo programu nyingine zinaweza kuitumia. Draiva ikikosekana, kamera huonekana kwenye orodha ya vifaa ya Windows ikiwa na alama ya manjano na Kodi 28, maana yake draiva haijasakinishwa. Kwenye laptopu za zamani kosa hili ni la kila siku, na mara nyingi kamera yenyewe ni nzima. Tatizo ni kwamba kamera, draiva na mfumo endeshi vilitoka miaka tofauti.

Kamera ya kwanza ya mtandao (webcam) haikuwa na shida hiyo, kwa kuwa walioandika programu yake ndio waliokuwa watumiaji wake. Mwaka 1991, katika maabara ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, Quentin Stafford-Fraser na Paul Jardetzky walielekeza kamera kwenye birika la kahawa la pamoja, ili watafiti waliokaa mbali wasitoke ofisini na kulikuta tupu. Picha ilikuwa ya kijivu, nukta 128 kwa 128, na ilibadilika kama mara tatu kwa dakika. Birika halijai kwa sekunde moja, hivyo ilitosha. Picha hizo ziliwekwa kwenye wavuti mwaka 1993, na kamera ikazimwa Agosti 2001.

Matatizo yalianza pale kamera ilipogeuka bidhaa ya dukani. Mwaka 1994 kampuni ya Connectix ya Marekani ilitoa QuickCam, kamera ya umbo la mpira, kwa bei ya karibu dola 100. Ilionyesha ngazi 16 za kijivu na ilitengenezwa kwa ajili ya kompyuta za Macintosh. Toleo la Windows lililofuata lilichomekwa kwenye tundu la printa. Kwa kuwa tundu hilo halikuwa na umeme wa kutosha, kebo ya pili ilikwenda kuomba umeme kwenye tundu la kibodi. Aliyetaka kuonekana alilazimika kwanza kuichomoa printa.

USB, iliyotangazwa mwaka 1996, ilimaliza usumbufu wa matundu ikaleta mwingine uliojificha zaidi. Toleo lake la awali lilipitisha megabiti 12 kwa sekunde. Picha ya nukta 640 kwa 480, yenye baiti mbili kwa kila nukta na kurudiwa mara 30 kwa sekunde, huhitaji takriban megabiti 147, zaidi ya mara 12 ya uwezo wa kebo. Picha ilibidi ibanwe ndani ya kamera na kufunguliwa ndani ya kompyuta, na kila mtengenezaji wa chipu alibuni mbinu yake ya kubana akaifanya siri. Kwa hiyo draiva ya kamera moja haikuweza kuisoma nyingine, hata kama zote mbili ziliuzwa kwenye maboksi yanayofanana. Kinyume chake pia kilitokea: jina moja dukani lilificha chipu tofauti kutoka mwaka mmoja hadi mwingine.

Hapo ndipo zilipotokea CD zilizokuja ndani ya boksi, na onyo la kusakinisha programu kwanza kabla ya kuchomeka kamera. Onyo hilo lilikuwa na sababu. Kamera ikitangulia, Windows iliiandikisha kama kifaa kisichojulikana na kuendelea kuikumbuka hivyo hata CD ilipowekwa baadaye. Dawa yake haijabadilika tangu wakati huo: kukifuta kifaa kwenye orodha, kuchomoa kamera, kusakinisha draiva, kisha kuchomeka upya. CD ikipotea, ufunguo unaobaki ni namba mbili ambazo kila kifaa cha USB hubeba, moja ya kampuni na nyingine ya kifaa chenyewe, kila moja ikiwa na tarakimu nne. Namba ya kampuni 046D ni ya Logitech. 05AC ni ya Apple. Namba hizi husomwa kwenye sifa za kifaa, na zinaaminika kuliko jina lililobandikwa mgongoni mwa kamera.

Waliokuwa nje ya Windows na Macintosh hawakupewa hata CD. Pengo hilo kwa sehemu kubwa lilizibwa na mtu mmoja, Michel Xhaard, daktari wa Ufaransa aliyeandika draiva za Linux kwa kamera zaidi ya 200 bila kuwa mwajiriwa wa kampuni yoyote ya kamera. Kazi yake ilirekebishwa na wengine na kuingizwa kwenye kiini cha Linux mwaka 2008. Ndiyo maana kamera kadhaa zilizotelekezwa na watengenezaji wake huwaka zenyewe zikichomekwa kwenye Linux, wakati Windows ya kisasa haizitambui kabisa.

Suluhisho la jumla lilitoka mwaka 2003: kanuni ya pamoja iitwayo UVC, inayoeleza jinsi kamera yoyote ya USB inavyopaswa kujitambulisha na kutuma picha. Microsoft iliweka draiva yake, faili la usbvideo.sys, ndani ya Windows XP SP2 mwaka 2004. Wakati huo USB 2.0 ilikuwa imeshaongeza kasi hadi megabiti 480. Huu ndio mpaka anaopaswa kuujua fundi. Kamera inayofuata UVC haihitaji draiva ya mtengenezaji, na kuitafuta mtandaoni ni kupoteza muda, pengine na kukaribisha virusi. Isiyofuata haina njia nyingine ila draiva yake yenyewe.

Mpaka huo haukukatwa kwa siku moja. Kamera zilipoanza kujengwa juu ya kioo cha laptopu, katikati ya miaka ya 2000, baadhi zilikuwa bado na mambo yao. Kamera ya iSight ya Apple, kwa mfano, ilihitaji kupakiwa programu ya ndani kila kompyuta ilipowashwa. Juu ya hilo likaja suala la biti. Windows Vista ya biti 64 ilikataa draiva za kiini zisizo na saini ya kidijitali, na draiva ya biti 32 haifanyi kazi kabisa kwenye mfumo wa biti 64. Kodi 52 ni alama ya saini iliyokataliwa.

Afrika Mashariki historia hii ilifika na laptopu za mitumba. Mashine iliyouzwa Ulaya ikiwa na Windows ya miaka yake hufika Kariakoo au Nairobi, fundi akaipiga Windows mpya, na kamera iliyokuwa nzima ikanyamaza. Kabla ya Seacom, kebo ya intaneti ya chini ya bahari, kuanza kazi Julai 2009, kupakua draiva ya makumi ya megabaiti kulikuwa mtihani, hivyo hazina ya fundi ilikuwa CD, baadaye flashi, iliyojaa draiva za kila aina.

Si kila ukimya ni wa draiva. Kamera ya ndani ya laptopu nayo kwa kawaida ni kifaa cha USB, na waya wake mwembamba hupita kwenye bawaba ya kioo, ukikunjwa kila laptopu inapofunguliwa na kufungwa. Kamera inayotoweka kabisa kwenye orodha, au inayorudi kioo kikisogezwa kidogo, mara nyingi ina waya uliochoka. Na Agosti 2016, sasisho la Windows 10 lilipoanza kuigawa picha ya kamera kwa programu kadhaa kwa pamoja, lilizinyima programu picha zilizobanwa kwa MJPEG na H.264. Kamera nyingi zikaganda, ilhali draiva zake zilikuwa salama.

Ajabu zaidi ni picha iliyopinduka, miguu juu kichwa chini. Katika baadhi ya laptopu, nyingi zikiwa za Asus, kamera ilifungwa kichwa chini kiwandani na draiva ya mtengenezaji ikapewa kazi ya kuigeuza picha. Draiva ya jumla ikiwekwa mahali pake, kamera hufanya kazi vizuri, ila mwenye laptopu huning'inia kama popo. Kwa upande wa Linux, walioandika maktaba ya libv4l waliweka ndani yake orodha ya laptopu za namna hiyo, ili picha zake zigeuzwe kabla mtumiaji hajaziona.