Aliyeandika Makala Ile Ni Mimi

Leo naomba mnivumilie kidogo maana nitawatembeza mbali, hadi Chicago ya mwaka 1904, kisha nitawarudisha Dar es Salaam, mezani kwangu. Tukifika mtaelewa kwa nini imenilazimu kuandika haya.

Wengi mnajua kazi yangu: ni ripota wa gazeti. Ambacho wengi hamjui ni kwamba ripota wa aina yangu, yule anayeitwa mwandishi wa kujitegemea, hana mshahara. Analipwa kwa stori iliyochapwa. Stori ikilala kwa mhariri mpaka ikachacha, huna chako. Digrii iko kabatini, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Kwa hiyo jamaa mmoja aliponiambia kuna kibarua cha kuandika makala za mtandaoni, sikujivuta.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Unapewa mada na orodha ya maneno. Maneno hayo lazima yajirudie ndani ya makala ili mtu akitafuta Google akutane nayo. Makala ya maneno 600 ni shilingi 10,000. Mwishoni inawekwa linki yenye namba yangu, nami naisambaza kwenye makundi ya WhatsApp na Facebook. Kila anayebofya akanunua bidhaa, naongezewa 2,000. Jina langu halikuwekwa popote. Juu ya makala kulikuwa na jina la daktari ambaye, kwa ninavyojua mimi, hajawahi kuzaliwa.

Nilidhani ni kazi mpya iliyoletwa na intaneti. Kumbe ina mababu.

Twende Chicago. Mwaka 1904, ofisi ya kampuni ya matangazo ya Lord & Thomas ililetewa kikaratasi kutoka baa iliyokuwa chini ya jengo hilo hilo. Aliyekiandika, Mkanada aitwaye John E. Kennedy, alisema yuko huko chini na anaweza kuwaeleza tangazo ni kitu gani. Albert Lasker, ambaye hata miaka 25 alikuwa hajaifikisha, akaagiza apandishwe. Jibu la Kennedy lilikuwa fupi: tangazo ni uuzaji uliochapwa. Kwa maneno mengine, tangazo si picha nzuri wala jina la duka tu. Ni mchuuzi anayegonga mlango, ila badala ya mdomo anatumia karatasi. Ajirini watu wanaojua kuandika, muwape sababu za kununua.

Leo hilo linaonekana jambo la kawaida. Wakati ule lilibadilisha biashara nzima, na mwandishi wa matangazo akaanza kuwa mtu wa kugombaniwa.

Aliyegombaniwa kuliko wote ni Claude Hopkins. Alizaliwa Michigan mwaka 1866, akafiwa na baba akiwa bado mtoto, akakulia katika dhiki. Alianza kama mtunza hesabu katika kampuni ya Bissell iliyotengeneza mashine za kufagia mazulia, na huko ndiko kalamu yake ilikogundulika. Baadaye aliandikia wauza nyama, akaandikia wauza dawa. Mwaka 1907 Lasker alimchukua kwa mshahara wa dola 185,000 kwa mwaka. Rudieni kuisoma hiyo namba, halafu mkumbuke ni mwaka 1907.

Siri ya Hopkins ilikuwa kuponi. Tangazo lake gazetini lilikuwa na kipande cha kukata: kijaze, kitume, upate sampuli. Kila kuponi ilikuwa na alama yake ya siri, hivyo zikirudi ofisini anajua ni gazeti gani limeleta watu wangapi na ni kichwa gani cha habari kimevuta wengi. Kisichovuta kinatupwa, kinachovuta kinarudiwa. Mwaka 1923 aliyaweka hayo katika kitabu chake, Scientific Advertising, ambacho waandishi wa matangazo wanakisoma mpaka leo. Niliposoma habari za kuponi zile, niliona linki yangu na namba yake. Ni kitu kile kile, isipokuwa mkasi umekuwa kidole.

Sasa tufike penye uchungu.

Kabla ya kwenda kwa Lasker, Hopkins alikuwa mwandishi na mbia wa dawa iitwayo Liquozone. Ilianzia Kanada kwa jina jingine, ikanunuliwa, ikabatizwa upya na kuhamishiwa Chicago. Matangazo yake yalisema inaua vijidudu mwilini, na orodha ya maradhi iliyoambatanishwa ilikuwa ndefu, ikiwemo kifua kikuu, saratani na malaria. Kampuni ikaahidi dola 1,000 kwa kijidudu chochote ambacho Liquozone ingeshindwa kukiua. Na kuponi ilikuwepo: tuma, upate chupa ya senti 50 bure. Watu walituma kwa wingi wa ajabu.

Mwaka 1905 jarida la Collier's lilimpa kazi mwandishi aitwaye Samuel Hopkins Adams. Jina la katikati lisiwachanganye, hana undugu na yule wa kuponi. Adams alikuwa amepitia uripota wa gazeti kama mimi. Alinunua dawa, akazipeleka kwa wakemia, akaandika mfululizo ulioitwa The Great American Fraud. Kuhusu Liquozone wakemia walimwambia karibu chupa nzima ni maji, yaliyotiwa tindikali kidogo. Wanyama wa maabara walioambukizwa maradhi kisha wakatibiwa kwa Liquozone walikufa.

Lakini kilichonikaa rohoni mimi kama mtu wa magazeti ni kingine. Kwa nini magazeti ya kila siku hayakusema? Collier's hao hao, Novemba 1905, walichapa makala ya Mark Sullivan iliyofichua mikataba ya wauza dawa na magazeti. Ndani yake kulikuwa na kifungu kwamba endapo jimbo litapitisha sheria ya kuzibana dawa hizo, mkataba wa matangazo unakufa. Yaani mwenye gazeti akisikia muswada umepelekwa bungeni, anaupinga au ananyamaza, kwa sababu pesa yake imefungwa humo. Waandishi hawakuhitaji kutishwa na mtu. Kifungu kilitosha.

Tarehe 30 Juni 1906 Rais Theodore Roosevelt alitia saini sheria ya chakula na dawa. Lakini sheria ile iligusa lebo ya chupa, haikugusa tangazo la gazetini. Mtengenezaji alitakiwa kusema kwenye chupa kama ndani mna pombe au afyuni, na asidanganye hapo. Mwandishi wa tangazo aliendelea na maisha yake. Serikali ya Marekani ilipata sheria ya kubana moja kwa moja matangazo ya uongo ya dawa mwaka 1938, miaka 32 baadaye. Hopkins alishafariki mwaka 1932, tajiri na mwenye heshima. Katika kitabu cha maisha yake cha mwaka 1927 Liquozone ina sura yake kabisa. Hakuificha.

Nawasikia mkisema, hayo ni ya Marekani na ya kale. Haya, tusogee karibu. Mwaka 2000 Google ilianza kuuza matangazo kwa maneno ambayo watu wanayatafuta, na mwaka 2003 ikawapa wenye tovuti njia ya kupata mgawo wa fedha hizo. Hapo makala yoyote inayosomwa ikawa na bei, hata kama haina maana. Makampuni kama Demand Media, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2006, yalijenga biashara kwa kuangalia watu wanauliza nini mtandaoni na kumlipa mwandishi ujira mdogo ajibu haraka. Januari 2011 hisa za Demand Media ziliingia soko la New York. Mwezi uliofuata Google ilibadili mfumo wake ili kuzisukuma chini makala za aina hiyo, na biashara ikaanza kuporomoka.

Kwetu nako, Julai 2009 mkonga wa SEACOM ulifika Mombasa na Dar es Salaam, kasi ikaongezeka, na mtoto wa chuo mwenye kompyuta akaweza kumwandikia mteja ambaye hatamwona maishani. Ni jambo jema, nami nimelila. Ila tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, hata hiyo elfu kumi baadhi ya wateja wanaiona nyingi. Mtu ukijua unaweza kuachwa wakati wowote, unaandika unachoambiwa.

Niliambiwa niandike kuhusu presha. Bidhaa ilikuwa unga wa majani. Neno "presha" lijirudie mara nane, na iwepo aya inayosema watu wengi wameachana na vidonge baada ya kuutumia. Niliuliza hao watu ni akina nani. Jibu lilikuja: "Andika tu, wapo." Nikaandika. Ilinichukua dakika arobaini, na kwa kweli ilikuwa makala nzuri, yenye mtiririko. Nikaisambaza.

Wiki tatu baadaye mama yangu mdogo alinipigia kutoka Morogoro. Ana presha mwaka wa tisa sasa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, hujambo? Wewe msomi wetu, nina swali. Kwenye kundi letu la kikoba wameleta habari ya daktari mmoja. Ngoja nikusomee."

Akanisomea. Yalikuwa maneno yangu, koma kwa koma. Alipofika kwenye aya ya vidonge aliinua sauti kidogo, kama mtu asomaye tangazo kanisani. Kisha akauliza: "Sasa mimi nimeviacha tangu Jumatatu. Nimekosea?"

Ilikuwa Alhamisi.

Nilimwambia avimeze siku hiyo hiyo kama alivyoandikiwa, na kesho yake aende kliniki. Akaniuliza nina uhakika gani kumshinda daktari. Hapo ilibidi niseme. Nikamwambia mama, hakuna daktari, aliyeandika makala ile ni mimi. Kimya kilichofuata kilimaliza vocha. Nilipompigia tena aliniuliza kitu kimoja tu: "Walikupa shilingi ngapi?"

Alikwenda kliniki Ijumaa. Presha ilikuwa imepanda, wakamrekebishia dozi, na anaendelea vizuri, namshukuru Mungu. Mimi nilimwandikia mteja aiondoe makala. Hakujibu. Nikaacha kibarua kile, nikapita kundi kwa kundi kule nilikoituma kueleza kuwa ni uongo. Makundi mengine yalinitoa. Kundi la kikoba chake sikuwa hata nimelituma mimi. Ilifika huko kwa miguu yake.

Sisemi msiandike makala za kulipwa. Kodi ipo, na matangazo yenye ukweli yanasaidia watu kupata vitu. Hata Hopkins aliuza dawa ya meno na bia bila kumuua mtu. Ninachosema ni hiki: Adams aliweka jina lake juu ya alichoandika, na angekuwa amekosea wangejua pa kumpata. Mwandishi wa Liquozone hakuweka lake kwenye tangazo, na mimi sikuweka langu. Tangu siku ile, mteja akiniletea kazi namuuliza kwanza kama naruhusiwa kutia jina langu. Wengi wanaondoka hapo hapo.

Mama mdogo bado ananiita msomi wetu. Ila sasa akinitumia habari yoyote ya dawa, anaanza kwa kuuliza: "Hii nayo ni yako?"