Mwanafunzi Mwenye Ulemavu na Masomo ya Insia

Masomo ya insia, yaani fasihi, isimu, historia, falsafa na mengine ya jamii hiyo, humdai mwanafunzi asome sana. Wa mwaka wa kwanza hukabidhiwa orodha ya vitabu kwa kila kozi kabla hajazizoea hata njia za kampasi. Kwa mwenye ulemavu, hasa asiyeona, la kuwahi kuliko yote ni kuyapata maandishi hayo katika umbo analoweza kulitumia.

Kwa kijana wa Bisibo, wilayani Biharamulo, maandalizi huanzia nyumbani. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi Julai 2005, huwapa kipaumbele waombaji wenye ulemavu, ila hali hiyo sharti ithibitishwe na mganga mkuu wa wilaya au mkoa. Nakala za uthibitisho zisafiri naye. Akifika Dar es Salaam, Biharamulo itakuwa zaidi ya kilomita 1,000 nyuma yake.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina kitengo cha elimu maalumu. Hapo ndipo pa kwenda siku za mwanzo, pamoja na kwa Mshauri wa Wanafunzi. Kila mhadhiri aombwe mapema orodha ya vitabu, maana riwaya nzima haigeuzwi nukta nundu kwa usiku mmoja. Mkataba wa Marrakesh wa 2013, ambao Tanzania ilijiunga nao 2020, unaruhusu kuwatengenezea wasioona nakala za nukta nundu, sauti au faili bila kusubiri idhini ya mwenye hakimiliki. Wahadhiri wakumbushwe hilo kwa heshima, lakini wakumbushwe.

Programu ya NVDA husoma skrini kwa sauti, Kiswahili kikiwemo, na haiuzwi. Sauti yake ni kavu. Kitini kilichopigwa picha huishinda. Kinatakiwa kiwe maandishi yaliyochapwa.

Kiziwi ana shida nyingine: istilahi. *Kamusi ya Lugha ya Alama ya Tanzania* ya Henry Muzale (2004) ni hazina, lakini nadharia za fasihi zina maneno mengi ambayo mwanafunzi na mkalimani wake hulazimika kukubaliana ishara zake kabla ya mhadhara.

Anayetumia kiti mwendo aombe chumba cha chini na aulize madarasa yake yako wapi: kampasi ya Mlimani iko mlimani kweli. Wenye ualbino, ambao wengi wana uoni hafifu, waombe maandishi makubwa na viti vya mbele. Wapo waliotangulia: Abdallah Possi, mwenye ualbino, alifundisha sheria Chuo Kikuu cha Dodoma kabla ya kuteuliwa naibu waziri mwaka 2015. Mwaka huohuo Elly Macha, asiyeona na mwenye shahada ya uzamivu, aliingia bungeni.

Ombi la muda wa ziada wa mtihani liandikwe muhula unapoanza. Aliyekuwa akiongezewa muda kidato cha sita asidhani chuo kina taarifa hiyo.