Historia ya Ufundi wa Amplifaya Garissa

Ufundi wa kutengeneza amplifaya za gitaa katika Garissa na Kaskazini Mashariki ya Kenya kwa jumla haukukua kwa kuufuata muziki peke yake, bali ulifuata zaidi njia za stima, kwa kuwa kila chanzo cha umeme kilichofika huko kilikuja na namna yake ya kuharibu vyombo. Amplifaya ni chombo kinachopokea ishara dhaifu kutoka kwa gitaa, kinanda au maikrofoni na kuikuza hadi iweze kuisukuma spika. Zile za zamani zilitumia valvu, yaani mirija ya kioo iliyohitaji volti mia kadhaa ili ifanye kazi. Lakini baada ya John Bardeen na Walter Brattain kuunda transista katika maabara ya Bell nchini Marekani mnamo Desemba 1947, ikawezekana hatimaye kukuza sauti kwa volti 12 tu za betri ya gari. Kwa eneo hili, lililofungiwa na serikali ya kikoloni tangu sheria ya wilaya za pembezoni ya 1902, kisha likakaa chini ya hali ya hatari kuanzia mwisho wa 1963 hadi 1991, tofauti hiyo haikuwa ndogo: betri ilifika pale ambapo nguzo ya umeme haikufika.

Chombo kilichotangulia kuzoeleka kilikuwa redio ya transista. Radio Mogadishu, iliyoanza kutangaza 1951, ilisikilizwa sana upande wa Kenya, hasa wakati wa vita vya Shifta vya 1963 hadi 1967, na fundi redio ndiye babu wa fundi amplifaya, kwa sababu mita, chuma cha kulehemu na elimu ya transista ni vilevile. Gitaa la umeme nalo lilisikika kutoka upande huohuo wa mashariki, ambako bendi za Mogadishu kama Iftin na Dur-Dur zililipiga pamoja na vinanda na ngoma katika miaka ya 1970 na 1980. Serikali ya Siad Barre nchini Somalia ilipoanguka Januari 1991, wanamuziki wengi walitawanyika, kambi za wakimbizi za Ifo, Dagahaley na Hagadera zikazuka huko Dadaab, na biashara ya vifaa vya umeme ikashamiri Eastleigh, Nairobi, ambako nyumba ya wageni iitwayo Garissa Lodge iligeuzwa kuwa maduka. Lakini muziki wa arusi wa Kisomali wa baada ya hapo uliegemea zaidi kinanda cha umeme, kwa hiyo ni lazima ikubaliwe kwamba amplifaya ya gitaa tupu ni mgeni wa nadra katika mji huu, na anayeitengeneza hujifunzia kazi kwenye amplifaya za misikiti, za arusi na za mikutano ya siasa. Hasara si kubwa, kwa kuwa sehemu ya nguvu, yaani ile inayoisukuma spika, ni moja katika zote.

Kipindi cha jenereta ndicho kilicholea ufundi wenyewe. Mji wa Garissa ulitegemea kwa miaka mingi mitambo ya dizeli, na Wajir na Mandera zimeendelea kuitegemea, ilhali sherehe za nje ya mji huwashiwa jenereta ndogo ambayo volti zake hupanda ghafla taa zinapozimwa na kushuka injini inapolemewa. Transista haivumilii mapigo hayo. Juu yake kuna joto: Garissa hupita nyuzi 35 mchana katika miezi ya joto, na kapasita za kuchujia umeme, ambazo ndani yake mna majimaji, hupoteza karibu nusu ya umri wao kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka. Kapasita ikikauka, amplifaya huvuma mfululizo hata gitaa likichomolewa. Vumbi nalo huingia kwenye vifundo vya sauti, vikakwaruza vikizungushwa.

Fundi makini haanzi kwa kubadilisha fyuzi iliyokatika na kuwasha tena, maana fyuzi hukatika kwa sababu, na sababu ikiachwa huchoma hata kifaa kipya. Kwanza huunganisha katika njia ya umeme balbu ya waya ya wati 60 au 100, iliyopangwa mfululizo na amplifaya ili mkondo wote upitie humo: balbu ikimulika kidogo kisha ikafifia, mambo ni salama, ikibaki inawaka kwa nguvu, ndani kuna shoti. Balbu za LED hazifai kwa kazi hii, na kwa kuwa ndizo zilizojaa madukani siku hizi, ile ya zamani hutunzwa kama mali. Baada ya hapo spika huchomolewa na kupimwa volti za mkondo mnyoofu, usiobadili mwelekeo, kwenye tundu la kutolea sauti. Makumi machache ya milivolti si neno. Makumi ya volti ni dalili kwamba transista moja ya mwisho imeungua, na spika ambayo ingeachwa hapo koili yake ingegeuka hita. Umeme hukatwa, kapasita hutolewa chaji kwa rezista, kisha transista hupimwa miguu: kati ya besi na emita, mita iliyowekwa kwenye alama ya dayodi husoma kati ya volti 0.5 na 0.7 upande mmoja, na isipokuwa hivyo, jozi nzima ya transista huondolewa pamoja na kukaguliwa rezista ndogo zilizo jirani, ambazo aghalabu huungua nazo. Karatasi ya maika inayoitenga transista na bati la kupozea hurudishwa ikiwa nzima, na mafuta meupe ya kupitisha joto hupakwa upya. Ikiwa sehemu ya nguvu ni nzima na sauti bado huja na kupotea, kosa la kawaida la amplifaya za gitaa ni tundu la kurudishia sauti kutoka kwa vyombo vya nje, ambalo swichi yake ya ndani hushika kutu na ambalo, kabla ya kufungua chochote, hupimwa kwa kuchomeka waya mfupi kutoka tundu la kutolea hadi la kurudishia.

Laini ya kilovolti 132 kutoka Kindaruma kupitia Mwingi iliuunganisha mji na gridi ya taifa katika muongo wa 2010, na kituo cha jua cha Garissa, chenye megawati zipatazo 50, kilizinduliwa Desemba 2019. Ugonjwa nao ukabadilika. Volti zikawa tulivu zaidi kuliko za dizeli, lakini kukabaki kule kuruka-ruka kwa umeme unapokatika na kurudi, ilhali wanaotumia paneli zao wenyewe na inveta za bei nafuu, ambazo umeme wake hauna mawimbi laini, husikia mvumo usiotokana na kapasita hata kidogo; fundi asiyeuliza kwanza chombo kiliwashwa wapi huweza kubadilisha kapasita nzima bure.

Tatizo gumu zaidi sasa limo katika vipuri. Jozi ya 2SC5200 na 2SA1943, transista za Toshiba zinazotumika katika amplifaya nyingi za wati mia na kuendelea, huigwa kwa wingi, na zile bandia, ingawa maandishi yake ni safi, hubeba ndani kipande cha silikoni kilicho kidogo mno kuhimili mkondo. Hupita mtihani wa mita bila shida na hupasuka sauti inapopandishwa. Mwenye kununua jozi kumi huweza kuivunja moja kwa koleo ili kutazama ukubwa wa kipande hicho, gharama ambayo ni ndogo kuliko ya kuirudia kazi yote, na asiyekuwa na uwezo huo huchomoa transista halisi kutoka amplifaya zilizokufa kwa sababu nyingine. Ndiyo maana katika vibanda vya mafundi makasha yaliyovunjwa hayatupwi.