Mtihani Uliochelewa Miaka 11

Mwishoni mwa mwaka 1977 serikali ya China iligundua kwamba haina karatasi. Maswali yangetungwa, wasahihishaji wangepatikana, madarasa yangefagiliwa. Karatasi ya kuchapia mtihani wa mamilioni ya watu ndiyo iliyokosekana. Shauri hilo likapanda hadi kwa wakubwa wa nchi, nao wakaamua kwamba karatasi iliyotengwa kwa ajili ya juzuu ya tano ya maandishi teule ya Mao Zedong itumike kwanza kuchapia mtihani. Mao, aliyekuwa kiongozi wa China, alikuwa amefariki Septemba 1976. Wakati wa uhai wake, mtu wa kutamka pendekezo hilo hadharani asingepatikana.

Mtihani wenyewe ni ule wa taifa wa kuingia vyuo vikuu baada ya sekondari, ambao Wachina huuita gaokao. Ulianza 1952, katika nchi iliyowachagua maofisa wake kwa mitihani kwa takriban miaka 1,300, hadi desturi hiyo ilipofutwa 1905. Kwa hiyo mzazi wa Kichina hakuhitaji kuelezwa maana ya mtoto kukesha na vitabu. Kila mwaka watahiniwa waliingia vyumbani, na waliofaulu walikwenda vyuoni.

Kisha ikaja Juni 1966. Mapinduzi ya Utamaduni, vuguvugu la kisiasa lililoanzishwa na Mao, yalikuwa yamewaka moto, na zikiwa zimebaki wiki chache tu kabla ya mtihani, serikali ikatangaza kwamba udahili umeahirishwa kwa nusu mwaka. Kila ninaposoma historia hii, wanafunzi wa mwaka ule ndio wanaonijia kwanza. Walikuwa wamemaliza kudurusu. Kanuni za hisabati zilikuwa vichwani, mashairi ya kale yamekaririwa, kalamu zimejazwa wino. Nusu mwaka ikapita, ukapita mwaka, mtihani haukuja. Shule zikafungwa, walimu wakaburutwa mbele ya mikutano ya kushutumiwa, vitabu vikachomwa au kuuzwa kwa uzito kama karatasi chakavu. Desemba 1968 Mao akaagiza vijana wa mijini waliosoma waende vijijini wakafunzwe na wakulima, na katika muongo uliofuata wapatao milioni 17 walipelekwa huko: mashamba ya mpunga ya kusini, nyika za Mongolia ya Ndani, baridi ya Heilongjiang.

Vyuo vilipoanza kupokea wanafunzi tena mwaka 1970, mlango ulikuwa mwingine. Mtu alipendekezwa na wenzake kazini, uongozi ukaidhinisha, chuo kikapitia jina. Walioingia kwa njia hiyo waliitwa wanafunzi wafanyakazi, wakulima na wanajeshi. Wasomaji wa Tanzania wenye umri wa kukumbuka watashtuka kidogo hapa, maana nasi tulikuwa na jambo linalofanana na hilo. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU, chama tawala cha wakati huo, ikikutana Musoma, iliamua kwamba mhitimu wa kidato cha sita asiende chuo kikuu moja kwa moja. Afanye kazi kwanza angalau miaka miwili, kisha apate mapendekezo ya mwajiri na ya tawi la chama. Nia ilikuwa njema katika nchi zote mbili: elimu ya juu isiwe ngazi ya watu wachache kuwakimbia wenzao. Lakini panapohitajika pendekezo la mtu ili mlango ufunguke, penye mlango wa mbele hapakosi wa nyuma. Huko China, watoto wa wakubwa waliupita huo wa nyuma kwa wingi.

Mwaka 1973 Wachina walijaribu kuchanganya pendekezo na mtihani. Katika mkoa wa Liaoning kijana mmoja, Zhang Tiesheng, kiongozi wa kikundi cha uzalishaji kijijini, alishindwa karatasi ya fizikia na kemia, akapata alama 6. Nyuma ya karatasi aliandika barua. Alilalamika kwamba yeye alikuwa shambani akifanya kazi ya jamii wakati wengine, wavivu kwa maoni yake, wakijifungia na vitabu. Gazeti la mkoa likaichapa barua hiyo, wanasiasa wa mrengo mkali wakamfanya shujaa, naye akapewa nafasi chuoni. Mamilioni ya vijana wakajifunza kwamba kujiandaa kwa mtihani lilikuwa kosa. Hata hivyo siwezi kumdharau kwa lile alilolalamikia. Saa za kusoma hazikugawanywa sawa, na miaka minne baadaye jambo hilo hilo lingerudi kwa uchungu zaidi.

Deng Xiaoping, kiongozi aliyekuwa ameondolewa vyeoni, alirudishwa madarakani Julai 1977, akaomba mwenyewe kusimamia sayansi na elimu. Tarehe 4 hadi 8 Agosti aliwaita wanasayansi na maprofesa 33 katika Ukumbi Mkuu wa Umma, Beijing. Siku ya tatu alisimama mkemia wa Chuo Kikuu cha Wuhan, Zha Quanxing, akasema bila kuzunguka kwamba utaratibu wa mapendekezo unazika vipaji, unawaumiza watoto wa wasio na cheo, unalea mlango wa nyuma, na unawavunja moyo walimu na wanafunzi pia. Akataka mtihani urudi. Deng akauliza kama mwaka ule muda bado ulikuwepo. Wakamjibu kwamba udahili ukisogezwa mbele, muda utatosha. Wizara ya Elimu ilikuwa imekwisha kupanga mapendekezo yaendelee. Ikabidi uitishwe mkutano mpya wa udahili, uliovutana hadi mwisho wa Septemba. Rasimu ya masharti ya siasa, ndefu na yenye kuchunguza ukoo mzima wa mtahiniwa, Deng aliifyeka kwa kalamu yake. Mtoto wa aliyekuwa mwenye ardhi naye angeweza sasa kukaa kwenye dawati.

Tarehe 21 Oktoba habari ikatoka kwenye Gazeti la Umma na redioni, ikasambazwa na vipaza sauti vilivyotundikwa vijijini. Wafanyakazi, wakulima, vijana waliopelekwa mashambani, wanajeshi waliomaliza muda wao, wote waliruhusiwa kuomba. Umri uliwekwa hadi miaka 25, ila waliomaliza sekondari 1966 na 1967 waliongezewa hadi 30, hata kama wameoa au kuolewa. Mikoa mingi ingefanya mtihani kati ya mwisho wa Novemba na mwisho wa Desemba. Mtu alibaki na wiki tano, sita, nane akibahatika.

Akasome nini?

Mimi nilijiandaa kwa kidato cha sita nikiwa na rundo la mitihani ya miaka ya nyuma na daftari la kaka yangu, na bado nililalamika. Mwaka 1977 China haikuwa na mitihani ya nyuma yenye kufaa, haikuwa na muhtasari uliozoeleka, na kwa sehemu kubwa haikuwa na vitabu. Vijana wa miaka ya 70 walikuwa wameketi madarasani, ndiyo, lakini somo la fizikia lilikuwa limegeuzwa kuwa msingi wa viwanda: trekta, injini ya dizeli, mota ya umeme na pampu ya maji. Kemia ilielekezwa kwenye mbolea. Mhitimu wa 1975 aliweza kufungua pampu na kuifunga, asiweze kutatua mlinganyo wa kipeo cha pili. Hivyo ikatokea hali isiyo ya kawaida, ya mtu mzima mwenye miaka 30, mikono imekakamaa kwa jembe na mtoto mgongoni, kumzidi hesabu kijana aliyetoka shuleni juzi. Alikuwa na kile alichokidurusu mwaka 1966.

Vitabu vya kabla ya 1966 vikatafutwa kama dawa. Vilitolewa chini ya vitanda, ndani ya magudulia ya nafaka, kwenye mabohari ya karatasi chakavu. Barua zilipelekwa mijini kwa wazazi zikiomba kitabu chochote chenye aljebra. Aliyekipata aliwaazima wenzake kwa zamu, na wengine walikinakili kwa mkono ukurasa kwa ukurasa. Walimu waliokuwa wakidhalilishwa miaka kumi iliyopita walijikuta wamezungukwa na watu wazima wakiomba kufundishwa, na shule kadhaa zikafungua masomo ya jioni yaliyofurika hadi madirishani. Huko mashambani watu walipiga msuli usiku kwa taa ya mafuta, baada ya kutwa nzima ya kazi. Baadhi ya viongozi wa vijiji waliwapa watahiniwa siku za kupumzika. Wengine walikataa, na wapo waliokataa hata kutia sahihi fomu.

Kitabu kilichotafutwa kuliko vyote kilitoka Shanghai. Ulikuwa mfululizo wa vitabu 17 vya kujisomea hisabati, fizikia na kemia, uliotungwa miaka ya mwanzo ya 60 kwa ajili ya vijana wa kazini ambao hawangeweza kwenda shule. Uliandikwa kwa mtu asiye na mwalimu: unaeleza taratibu, unatoa mfano, unatoa zoezi, unatoa jibu. Mwishoni mwa 1977 mchapishaji aliuanza upya kwa haraka, na mbele ya maduka ya vitabu ya Xinhua watu walipanga foleni tangu usiku, katika baridi, kwa ajili ya kitabu cha aljebra. Zipo picha za foleni hizo. Naona ndizo picha nzuri kuliko zote za China ya mwaka ule, kuzidi za viongozi mikutanoni.

Mikoa mingine iliwachuja watahiniwa kwanza kwa mtihani wa awali. Kwenye mtihani wenyewe kila mtu alifanya siasa, Kichina na hisabati. Wa sayansi wakaongeza fizikia na kemia, wa sanaa historia na jiografia. Maswali yalitungwa na kila mkoa. Beijing, tarehe 10 hadi 12 Desemba, mada ya insha ilimtaka mtahiniwa aeleze mwaka wake wa mapambano. Ndani ya vyumba vingi hapakuwa na moto, na watu waliandika wakiwa na makoti. Ndugu wawili au watatu wa nyumba moja walifanya mtihani siku moja, na walikuwepo walimu walioketi pamoja na wanafunzi wao.

Walifanya watu milioni 5.7. Walichukuliwa 273,000, yaani hawafiki watano katika kila mia. Miongoni mwao alikuwemo kijana wa miaka 22 aliyekuwa katibu wa chama kijijini huko Fengyang, Anhui. Jina lake Li Keqiang, naye akaenda kusoma sheria Chuo Kikuu cha Peking na mwaka 2013 akawa waziri mkuu. Waliokosa ni zaidi ya milioni tano, na mmoja wao, Yu Hua wa mkoa wa Zhejiang, aling'oa watu meno kwa miaka mitano kabla ya kuwa mwandishi anayesomwa duniani kote. Wengi wa waliokosa hawakuwa wajinga. Walikuwa mbali na mji, mbali na foleni ya kitabu, na kiongozi wao hakuwapa siku hata moja.

Leo gaokao ina umati mwingine kabisa. Mwaka 2024 walijiandikisha watu milioni 13.42. Tangu 2003 mtihani kwa kawaida huanza Juni 7, ukiwa umehamishwa kutoka joto la Julai, na maandalizi yamekuwa biashara na mateso. Katika mji mdogo wa Maotanchang, Anhui, wazazi hupanga vyumba ili wawapikie watoto wanaorudia mwaka, na mabasi ya watahiniwa husindikizwa na umati. Vitabu vimejaa hadi watoto hawaonekani nyuma ya rundo mezani. Sina hamu ya kukaa sana huko. Kila mwaka magazeti huandika.

Ninarudi 1978. Waliofaulu mtihani wa majira ya baridi waliripoti vyuoni Februari na Machi, na bweni moja liliweza kulaza baba wa watoto wawili kitanda cha juu na mvulana wa miaka 16 kitanda cha chini. Waliokosa hawakupumzika. Mtihani mwingine ulitangazwa kwa Julai 20 hadi 22, safari hii maswali yakiwa mamoja kwa nchi nzima, na milioni 6.1 wakajitokeza, wengi wao wale wale wa Desemba. Kwa wahitimu wa 1966 hizo zilikuwa siku za mwisho mwisho, kwani baada ya hapo kikomo cha umri kilibanwa tena, na hakikufutwa mpaka 2001. Walikuja wakiwa na mashati ya mikono mifupi na chupa za maji, na wengi zaidi sasa walikuwa wamekipata kitabu cha Shanghai.