Piano Kuukuu na Bei ya Zawadi

Wahenga walisema: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Moyo haupimwi kwa mizani. Lakini nchini Marekani zawadi ya mtu huweza kumpunguzia kodi, na hapo mizani haiepukiki.

Mambo haya yalianza mwaka 1917, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Serikali ilipandisha kodi ya mapato ili kugharamia vita, na ikahofiwa kwamba matajiri wangeacha kuvisaidia vyuo na hospitali. Seneta Henry Hollis akapendekeza kwamba fedha zitolewazo kwa hisani zisitozwe kodi, mradi zisizidi asilimia 15 ya mapato ya mtoaji. Bunge likakubali.

Nia ilikuwa njema. Shida huja mtu anapotoa kitu badala ya fedha. Dola mia ni dola mia, piano je? Mwaka 1909 pekee viwanda vya Marekani vilitengeneza piano zaidi ya 300,000. Zilikuwa fahari ya sebule. Kisha zikaja gramafoni na redio, na nyingi zikabaki urithi mzito usio na mchezaji. Mjukuu anayekosa mnunuzi huikumbuka shule ya jirani.

Tufanye hesabu ndogo. Tuseme piano inauzika kwa dola 1,000, mwenyewe akaiandika dola 10,000, na kiwango chake cha kodi ni asilimia 30. Ataokoa dola 3,000. Shule imepata kitu cha dola 1,000, hazina ya umma imekosa dola 3,000, na mtoaji amefaidi kuliko kama angeiuza. Je, hapo nani aliyetoa zawadi?

Ndiyo maana sheria ya mwaka 1984 ilidai kwamba kitu kinachoombewa nafuu ya zaidi ya dola 5,000 kikaguliwe na mthamini asiye mtoaji wala mpokeaji, na ujira wake usiwe fungu la thamani atakayoitaja. Mthamini wa piano husoma namba ya kiwanda ili ajue umri wake. Hukagua kama ubao wa sauti una nyufa, kama vinyundo vimelika, na kama vigingi bado vinazishika nyuzi. Hatafuti bei ya piano mpya, wala mapenzi ya bibi aliyeicheza. Hutafuta bei ambayo muuzaji na mnunuzi wangeafikiana, wote wawili wakiwa na habari kamili na bila ya kulazimishwa.

Wapo wasemao kwamba masharti ya namna hii hukausha ukarimu. Sikubaliani nao. Katika chuo cha ualimu nilikofundisha tulipokea shehena za vitabu vya msaada visivyolingana na mtaala wetu. Aliyevituma alishukuriwa, sisi tukabaki na kazi ya kutafuta pa kuviweka. Piano mbovu nayo humtaka mpokeaji alipe wachukuzi na fundi. Kusema kweli juu ya thamani ya kitu ni sehemu ya kukitoa.